Waliopitwa Bila Salamu

Kama yuko mtu aliyekula mshahara kwa kusalimu tu, mtu huyo ni Mahir. Kazi yake katika hoteli moja ya Shela ilikuwa kusimama gatini, shati jeupe, kofia safi, na kumwambia kila anayeshuka botini: karibu sana, pole na safari, angalia hapo pana utelezi. Alisalimu Waitaliano kwa Kiitaliano, Wajerumani kwa Kijerumani, na watu wa Nairobi kwa Kiingereza cha puani, na wote waliondoka wakisema hawajapata kuona kijana mchangamfu kama yule. Jioni alirudi kwake Amu, akavua viatu mlangoni, akaingia ndani kimya kama mtu aliyekuja kuiba sukari.

"Umerudi?" mkewe Rumaisa alikuwa akiuliza.

"Mm," alikuwa akijibu Mahir.

Ukimwuliza yeye, hilo halikuwa kosa. Salamu ni maji ya mtungi. Ukiyagawa kutwa kwa wapita njia, jioni unainamisha mtungi na hakitoki kitu, na mtungi haulaumiwi. Rumaisa alivumilia miaka mitatu. Kisha akaaga kwenda kwao Siyu, kisiwani Pate, kumtazama babake, na kurudi hakurudi. Mahir alipompigia simu alimjibu kwa sauti ya mtu anayepepeta mchele: "Nilikuwa nadhani nimekuwa bubu, Mahir. Nimefika hapa nikasema sabalkheri, nyumba nzima ikanijibu. Kumbe sauti ninayo."

Baada ya siku kadhaa akapiga babake mwenyewe, Bwana Jeilani. Huyo hakupepeta kitu. "Binti yangu anataka umpe ruhusa yake, umwache. Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, nitakaa na wazee wawili watatu. Ukiwapo tutakusikiliza. Usipokuwapo, basi kutokuwapo kwako ndilo jibu."

Ijumaa hiyo Mahir alivaa kanzu ya ukweni, akapanda boti ya abiria, na katikati ya mkondo simu yake ikazima kwa kukosa chaji. Alishuka Mtangawanda, gati la Pate, watu wamekwisha kusali Ijumaa, akatazama huku na huku, asione pikipiki hata moja.

"Zote zimechukua watu wa harusi, zimekwenda Faza," alisema Faiz, mwuza chai wa gatini aliyemjua tangu alipokuja kuoa Siyu, mtu mwenye upara na tumbo la starehe. "Zitarudi bibi harusi akishakuwa bibi wa nyumba."

"Nataka kufika Siyu kabla ya alasiri."

"Kwa miguu? Utafika imamu amekwisha kula." Faiz alimpima kuanzia kofia hadi viatu. "Baiskeli unaijua?"

"Nilijifunza Mokowe nikiwa mtoto."

"Basi hujasahau. Ila makalio yamesahau, na leo yatakumbushwa." Akazunguka nyuma ya kibanda akarudi na baiskeli nyeusi ya zamani, ndefu kama ngamia, yenye kitambaa cha kijani kilichofungwa kwenye usukani na kengele ya shaba. "Hii ni ya ami yangu, Bakr. Yeye yuko Mombasa, anatolewa mtoto wa jicho. Iwate kwa mkweo, nitaifuata kesho. Ila, Bwana Mahir, nikwambie jambo. Salimu watu. Kila mtu ndiani. Kwa baiskeli hii usimpite mtu kimya."

"Unamfunza samaki kuogelea," alisema Mahir. "Salamu ndiyo kazi yangu."

"La, sikiza, maana yake ni kwamba—" Lakini maziwa ya Faiz yakafura na kumwagikia jikoni, akayarukia kwa matusi madogo madogo, na Mahir, aliyekuwa akilitazama jua, hakungoja maana.

Njia ya kutoka gatini inaanza na mchanga, na mchanga haumpendi mwenye baiskeli. Alisukuma, akapanda, akayumba, akashuka, akapanda tena, kanzu kaikunja hadi magotini. Alipopata ardhi ngumu kengele ikaanza kujililia yenyewe kwa kila jiwe, mlio mkavu kama wa sufuria iliyopasuka, unaosikika mbali.

Mbele yake wanawake wawili walikuwa wakija na mizigo ya makuti vichwani. Waliposikia kengele waliinua macho. Mzigo wa kwanza ukaanguka. Wa pili ukafuata. Wakasimama katikati ya njia wameshikana mikono, mmoja kafumba macho kama mtu anayengoja sindano.

Mahir alikuwa akihema, salamu imemkwama kooni. Ilimtoka alipokwisha kuwafikia. "Asalaam aleikum."

"Waaleikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh," walijibu kwa pamoja, na yule aliyefumba macho akaanza kucheka, kisha machozi yakamtoka, kisha akacheka tena. "Mola akupe umri, mwanangu. Pita. Pita na kheri zako."

Mahir alipita akitabasamu. Miaka yote ile Shela hakuna aliyewahi kulia kwa salamu yake. Kumbe nina kipaji, alijiambia, na wale Waitaliano walikuwa wananipunja.

Kipaji kilianza kumtatiza mbele kidogo. Wanaume wawili walikuwa wamesimama kando ya njia wakivuta udongo kutoka kwenye kisima kinachochimbwa. Kengele ilipolia waliiachia kamba. Chini ya shimo kitu kikaanguka kwa kishindo, na sauti ikapanda kutoka ardhini: "Nyie, mwataka kuniua? Kuna nini?"

"Baiskeli," alijibu mmoja kwa sauti ya chini, macho hayabanduki kwa Mahir.

Shimo likanyamaza. Kisha, polepole: "Imesalimu?"

"Bado."

"Asalaam aleikum," alisema Mahir, akipunguza mwendo.

"Waaleikumu salaam. Imesalimu," yule mtu aliliambia shimo.

"Alhamdulillahi. Basi nipe ndoo."

Mahir alishusha mguu chini. Alikuwa na nia ya kuuliza ni baiskeli gani duniani inayosalimu, na kama aliyeipanda hahesabiwi. Lakini yule mwingine alimpungia mkono wa kumfukuza, bila ubaya, kama mtu anavyofukuza jua lisimpige usoni. "Pita, bwana. Usisimame hapa. Tumekwisha kushukuru, usitutoe katika shukrani."

Akapita. Aliijua adabu ya salamu kama kila mtoto wa chuo cha Kurani anavyoijua: aliyepanda ndiye humwanza anayetembea, na anayetembea humwanza aliyekaa. Hapo hajakosea. Sasa kwa nini watu wa kisiwa hiki wanaipokea salamu kama mtu aliyefutiwa deni, kisha wanamfukuza aliyeileta? Alijaribu kwa mtu aliyekuwa akipalilia mihogo. Yule alitupa jembe, akapokea salamu, akabusu kiganja chake mwenyewe pande zote mbili, akarudi kwenye mihogo bila kumtazama tena.

Koo lilipomkauka alisimama kwenye nyumba ya peke yake iliyo karibu na njia. Alihakikisha anatoa salamu angali juu ya kiti. Mwanamke wa makamo alikuwa akichambua kunde ukumbini, akajibu, akashusha pumzi, akamletea maji katika kikombe cha bati. Jina lake alijitaja mwenyewe, Sumeiya.

"Wenda mbali?" aliuliza akiwa bado ameshika kikombe.

"Siyu, Bi Sumeiya."

"Kwa nani?"

"Kwa Bwana Jeilani wa Athman."

Maji yakamwagika nusu. Bi Sumeiya akakaa kwenye kizingiti taratibu. "Nyumba ile," alisema. "Na juzi tu binti yao Rumaisa alikuwa hapa, tumesukana nywele, tumecheka. Ya Rabi. Na wewe ni nani wao?"

"Mkwe wao. Mume wa Rumaisa."

Alijifunika mdomo kwa leso. "Na wamekutuma wewe mwenyewe?"

"Sikutumwa, nimeitwa."

"Hawana huruma," alisema Bi Sumeiya. "Pole, mwanangu. Pole sana. Yote ni ya Mola."

Mahir alikunywa maji yaliyobaki, akarudisha kikombe. Alipogeuka akiondoka alimwona Bi Sumeiya kaweka simu sikioni, mkono wa pili kichwani.

Hapo ndipo alipodhani amefahamu, na hakuna mtu anayepotea mbali kama aliyedhani amefahamu. Kumbe wanajua. Kisiwa kizima kinajua kwamba leo anakwenda kunyang'anywa mke. Wale wanawake waliolia na kucheka, yule wa shimoni, yule wa mihogo, wote walikuwa wakimtazama mume asiyejua kusema neno nyumbani kwake, na sasa anawaamkia watu barabarani kwa bidii kama mwombaji kura. Mbele kidogo watu wawili waliokuwa wakijenga ua walimpokea kwa nyuso za huruma. "Subira, mkwe wa Jeilani," alisema mmoja. "Kila chenye mwanzo kina mwisho." Kengele ilikuwa haijamaliza hata kulia.

Uso ukamwaka moto. Alishusha kofia mpaka kwenye nyusi, akakaza macho kwenye gurudumu la mbele, akajiapiza: sisalimu tena mtu. Hizo za leo zimetosha. Waone kofia na vumbi, basi.

Hivyo ndivyo alivyoingia viungani mwa Siyu. Palikuwa na mzee aliyekaa barazani akisokota kamba. Aliinua mkono nusu, mkono ukangoja hewani, Mahir akapita. Palikuwa na nyumba ya mawe yenye mama aliyekuwa akianika nguo. Kanga ikamtoka mkononi ikaanguka mchangani, Mahir akapita. Alipita duka, akapita watu kisimani, akapita msichana aliyekuwa akikuna nazi na mbuzi ya nazi ikaacha kulia. Kila alipopita, kelele zilikufa. Halafu nyuma yake akasikia kitu kingine: miguu. Kwanza ya mtu mmoja, viatu vya plastiki vikipiga kisigino. Kisha ya wengi. "Bwana," mtu aliita, sauti imekatika. Mahir alikaza miguu. Sasa wananifuata kutazama, alijiambia. Wanakuja kushuhudia talaka kama wanaokwenda maulidi.

Nyumba ya Bwana Jeilani aliiona kabla jasho halijamziba macho. Alishuka. Mdomo ulikuwa mkavu, ulimi umegandana na meno, na mbele yake mama mkwe wake, Bi Khairiya, alikuwa amekaa barazani na ungo wa mchele mapajani. Mahir aliiegemeza baiskeli ukutani, akasimama kando yake kichwa kimeinama, akitafuta neno la kuanzia. Mtu aliyekula mshahara wa salamu hakuwa na salamu hata moja.

Bi Khairiya hakumtazama. Alikitazama kile kitambaa cha kijani. Ungo ukateleza, mchele ukamwagika ngazi kwa ngazi, na akatoa kilio ambacho Mahir alikuwa hajawahi kukisikia kwa mtu aliye hai.

Rumaisa alitoka ndani mbio, bila viatu, nywele upande mmoja zimesukwa na mwingine bado. Aliiona baiskeli akashika mlango kwa mikono miwili. "Mahir," alisema. Kisha kwa sauti kubwa zaidi, akiporomoka taratibu kwenye mlango: "Mahir wangu. Mimi ndiye niliyetaka aitwe. Namwita tangu asubuhi simu haiiti. Mimi ndiye niliyempandisha boti. Mahir."

Mahir alitazama nyuma yake, kama yuko Mahir mwingine. Ulikuwapo umati wa watu, kila mmoja amemkodolea macho. Akamgeukia mkewe.

"Naam," alisema.

Rumaisa aliinua uso. Aliitazama kofia, akaitazama kanzu iliyokunjwa magotini, akayatazama magoti yenyewe, ambayo aliyajua. Akavua bangili ya plastiki akamtupia kifuani.

"Wewe si maiti?"

"Sidhani," alisema Mahir, na wakati ule alisema kweli tupu.

Bwana Jeilani alitoka na udhu wa alasiri ukimchuruzika ndevuni. Aliutazama umati, mchele, binti yake aliyekaa chini, mkwe wake aliyesimama, na mwisho baiskeli. "Nani aliyempa huyu baiskeli ya Bakr?"

"Faiz wa Mtangawanda, Baba. Alisema niiache hapa."

"Na hakukwambia?"

"Aliniambia nisalimu watu. Maziwa yakafura."

Mzee alikaa ngazini akasogeza mchele kwa mkono. "Mwanangu, mtu wetu akifa ng'ambo au mji mwingine, Bakr ndiye anayeleta habari. Simu zipo, najua unataka kusema. Simu hapa zimekwisha kuzika watu ambao mpaka leo wanakula wali. Hatuamini mauti mpaka Bakr aje. Naye ana ada yake, aliianza mwenyewe akiwa kijana na hajaivunja. Kila anayempita ndiani humpa salamu, ajue kwamba msiba si wake. Nyumba yenye msiba haipati salamu. Hushuka, huegemeza baiskeli ukutani, huinama, akanyamaza, mpaka mwenye nyumba aulize."

Mahir aliitazama baiskeli ilivyoegemea. Akainua kichwa upesi, lakini kuinua kichwa wakati ule hakukuwa na faida kwa mtu.

"Kwa hiyo nani?" aliuliza mtu katika umati.

"Hakuna," alisema Bwana Jeilani. "Hakuna aliyekufa."

"Vipi hakuna?" Mama mmoja alijitokeza mbele, kiatu mguu mmoja, mwingine tupu. Alikuwa yule wa kuanika nguo, Bi Tima. "Nyumbani kwangu amepita hakusalimu. Nina mwanangu yuko Kizingitini, yuko baharini akivua kamba tangu jana. Nimemtazama huyu bwana usoni, akanipita kama jiwe. Nimekuja mbio mpaka hapa nikimwosha mwanangu kichwani mwangu, nikimkafini. Usiniambie hakuna. Nataka salamu yangu."

"Mama, mwanao hana neno," alisema Mahir. "Mimi ni mkwe tu wa hapa, sijui kitu."

"Sikukuuliza unajua nini. Nimesema nisalimu."

Mahir alishika kofia, akaipandisha, akamtazama mama yule machoni, na ajabu ni kwamba neno alilokuwa akilitoa mara mia kwa siku gatini lilikuwa zito, ikambidi alinyanyue. "Asalaam aleikum, Bi Tima."

"Waaleikumu salaam," alisema Bi Tima. Akakaa palepale chini, akapangusa uso kwa kanga. "Haya. Sasa naweza kukutukana." Na akamtukana kidogo, matusi ya kistaarabu, mpaka watu wakaanza kucheka.

Wakajipanga wenyewe bila kuambiwa. Mzee wa kamba alitaka yake. Msichana wa nazi alitaka yake na ya nyanya yake asiyeweza kutembea. Mwenye duka alisema yeye haamini mambo hayo, yeye amekuja kutazama tu, kisha akasimama mbele ya Mahir asiondoke mpaka alipopewa. Kila aliyepokea alijibu kwa ukamilifu, akashusha mabega, akaenda zake. Mahir alisalimu akihisi kizunguzungu. Hakujua kama anaomba radhi au anagawa dawa. Hakujua hata kama bado ana mke.

Adhana ya alasiri ikalia. Wale wazee wa kikao walikuwa wamekwisha kufika, wamesimama pembeni wakingoja zamu zao za salamu kama watu wengine. Baada ya sala Bwana Jeilani alirudi nao, akajikohoza. "Sasa, lile jambo letu."

"Baba, lingoje," alisema Rumaisa. Alikuwa amekwisha kumaliza ule upande wa pili wa nywele na kuvaa buibui. "Wako walioogopa kutoka. Bi Tima asema nyumba za kule mwanzo zimefunga milango. Watu wamekaa ndani hawajui ni nani."

"Aende awasalimu basi."

"Yeye hawajui. Nyumba zote kwake ni moja. Nitamwonyesha." Akaikamata baiskeli kwa kitambaa cha kijani, akaigeuza kuelekea njia, akamtazama mumewe. "Wangoja nini? Panda."

Mahir alipanda. Rumaisa akakaa nyuma kwenye keria, upande upande, mkono mmoja kashika ukingo wa kiti na si kiuno cha mtu. Wazee walitazamana. Bi Khairiya, aliyekuwa akiokota mchele, alisema kwamba tangu azaliwe hajaona kikao cha talaka kinachoondoka kwa baiskeli.

"Ile," alisema Rumaisa. "Mlango wa buluu."

"Hapo nilisalimu, nadhani."

"Saa hizi mlango haufungwi kwetu. Salimu."

Alisalimu. Komeo likavutwa ndani, na mtu akajibu kwa sauti iliyolowa. Wakaendelea. Nyumba ya pili, ya tatu. Kila mlango ulipofunguka Mahir alisikia nyuma yake pumzi ya Rumaisa ikitoka pamoja na ya mwenye nyumba.

"Na wewe?" aliuliza mwishowe, bila kugeuka. "Wewe sijakusalimu. Tangu nifike."

"Tangu ufike tu?"

Mahir alikanyaga pedali kwa muda. "Nikusalimu sasa?"

"Hapa? Ndiani, kama mpita njia?" alisema Rumaisa. "Sitaki ya barabarani. Yangu ni ya mlangoni, jioni, viatu mkononi. Mlango wenyewe waujua uliko."

Alilitafakari neno hilo. Mlango uko Amu. Sasa hilo ni jibu, au ni tusi, au ni masharti, au ni njia ya kumwambia anyamaze? Alitaka kuuliza, na alikuwa bado anapanga maneno mnyororo ulipotoka, baiskeli ikayumba, wote wawili wakajikuta wamesimama mchangani. Mahir aliinama kuurudisha. Kengele ilitikisika ikalia.

Mbele yao ajuza mmoja alikuwa akija na mbuzi wake. Akasimama. Mkono wake ukapanda kifuani, ukabaki hapo.

Mahir aliuachia mnyororo na kusimama wima, mikono myeusi kwa grisi, akamwahi kwa salamu.